Mtu wa Landrova, Mtu wa Mkonga

Watu wa Kibondo walimwita Dereva, kana kwamba wilaya nzima haikuwa na mwingine. Malori ya chakula cha kambi za wakimbizi yalikuwa na madereva, mabasi ya Kigoma yalikuwa na madereva, wakubwa wa ofisini walikuwa na wa kwao, wenye miwani ya jua. Lakini ukimwambia mama anayeuza ndizi barabarani, "Nimemwona Dereva," hakukuuliza yupi.

Nilifanya naye kazi miaka ishirini na zaidi katika kituo cha afya nje kidogo ya mji, mimi mkunga, yeye akiendesha gari la wagonjwa. Nilitoka Korogwe, nikapangiwa kazi mahali ambapo sikuwahi kupatafuta hata kwenye ramani ya ukutani shuleni. Wiki ya kwanza nililia chumbani kila jioni, kwa baridi na kwa kutojua Kiha, lugha ya huko. Siku moja nikasikia kitu kizito kinawekwa mlangoni. Nilipofungua nikamkuta mtu mrefu, mwembamba, kofia mkononi, na gunia la mkaa miguuni pake.

"Sista," akasema, "huku jua ni la kuangalia tu. La kuota ni hili."

Akavaa kofia yake, akaondoka. Ndivyo tulivyojuana.

Kituo kilikuwa na magari mawili chini ya banda moja la mabati. La kwanza lilikuwa Landrova ya zamani, ya petroli, yenye tairi la spea juu ya boneti na vioo vya kusukuma pembeni kwa vidole. Rangi yake ilikuwa ya kijani hapo awali. Nilipoikuta ilikuwa imefanana na jani la mgomba lililokauka. La pili lilikuja wiki chache baada yangu, likiwa jipya, jeupe, la dizeli, na bomba la hewa lililopanda ubavuni mwa kioo cha mbele kama mkonga wa tembo. Kwa sababu ya bomba hilo magari ya aina ile huitwa Mkonga, na sisi hatukuliita jina jingine.

Tangu siku Mkonga ulipoingia uani, kazi ya Dereva ikawa mbili: kuendesha, na kuyalinganisha magari yake. Aliyalinganisha akinywa chai, akila muhogo wa kuchemsha, akiosha vioo. Msikilizaji hakuhitajika kuuliza.

"Landrova ni kama mama mkwe," alisema. "Ukishamjua tabia, mtakaa miaka. Usipomjua, hata maji ya kunywa hupati kwake."

"Na Mkonga?" tulimuuliza.

"Mkonga ni mgeni mwenye adabu. Anafanya kila unachomwambia. Lakini hujui anawaza nini."

Kwa Landrova alizungumza Kiha. Kwa Mkonga alizungumza Kiswahili, tena kile cha ofisini, "tafadhali" na "naomba". Nilipomuuliza sababu akasema bado hawajazoeana. Wakati huo alikuwa ameuendesha miaka tisa.

Kuna tabibu mmoja kijana aliyeletwa kwetu kutoka Dar es Salaam, mwepesi wa maneno. Asubuhi moja alisimama mbele ya banda, mikono mfukoni, akatoa hukumu: "Mzee, huu Mkonga ni chuma. Hilo jingine ni mkweche tu, lipelekeni makumbusho." Dereva aliingia bandani, akatoka na hendeli, ile fimbo ya chuma iliyopinda ya kuzungushia injini kwa mbele, akamkabidhi. "Liwashe."

Yule kijana alizungusha. Alivua koti, akazungusha. Akafungua vifungo vya shati, akazungusha tena, sisi tumejipanga kwenye baraza tukicheka. Landrova ilikohoa mara moja, ikanyamaza. Ndipo Dereva akaichukua hendeli, akainama karibu na rejeta, akanong'ona kitu, akazungusha mara moja tu. Ikawaka.

"Umeliambia nini?" tabibu akauliza, jasho linamtiririka.

"Nimeliambia *mwakeye*. Nimelisalimu. Ninyi wa mjini mnaamka hamsalimii."

Miaka baadaye alinieleza kwamba alikuwa amevuta kwa mkono kamba ya kabureta, ambayo kijana yule hakujua ipo. Lakini kusalimu nako alikusalimu kweli. Nilikuwa karibu, nilisikia.

Hakuruhusu redio garini. "Nikifungua redio, nani atasikiliza gari?" Hakuruhusu mtu kula karanga kwenye kiti cha mbele. Alikuwa mzee wa kanisa, akiimba sauti ya chini kila Jumapili, lakini ndugu wa mgonjwa walipokusanyika nyuma ya gari waombe kabla ya safari, yeye alikwishawasha injini. "Mtaomba tukitembea," aliwaambia, "Mungu naye ana miguu." Wengine walikasirika. Mchungaji mmoja alimshtaki kwa katibu wa kituo. Dereva aliitwa, akasikiliza, akaomba radhi, na safari iliyofuata akafanya vilevile.

Jambo moja kuhusu mtu huyu nilichelewa kuliona, na nilipoliona sikulielewa. Midomo yake ilisifu Landrova mchana kutwa. Uvumilivu wake, bodi yake isiyoshika kutu, injini ambayo mtu angeweza kuitengeneza kwa waya wa uzio na sabuni ya kufulia. Lakini ikija habari ya mama aliyeshindwa kujifungua, Dereva hakuitazama Landrova hata kwa jicho la pembeni. Alikimbia. Alikuwa ndani ya Mkonga kabla hatujafunga mlango wa wodi. Kwa maneno alikuwa mtu wa Landrova. Kwa miguu alikuwa mtu wa Mkonga. Na Mkonga huo aliuendesha kwa mwendo ambao mimi, niliyekaa nyuma na wagonjwa, niliufumbia macho.

Nakumbuka safari ya Nduta. Kambi ilikuwa imefunguliwa tena, Warundi wanaingia kila siku, na tuliitwa kusaidia kumpeleka Kasulu mama mmoja ambaye mtoto wake alikaa vibaya tumboni. Alikuwa hana ndugu, walipotezana mpakani. Alikuwa anatetemeka, si kwa homa, kwa hofu tu. Dereva alifungua kidirisha kidogo nyuma ya kiti chake, akaanza kumsemesha kwa Kiha, na yule mama akamjibu kwa Kirundi, lugha ambazo ni kama mtu na dada yake. Njia nzima alimtajia kilima kilichokuwa mbele yetu na mto uliofuata, na nani alilima wapi, na nani aliibiwa ng'ombe akampata kwa mjomba wake. Mimi nilimshika mkono. Yeye alimpa nchi ya kupita. Tulifika salama, akapasuliwa, akapata mtoto wa kike.

Baada ya miaka kadhaa, wakati watu wengi walikuwa wanarudi kwao na kambi ya Mtendeli imekwisha kufungwa, mama yule alikuja kuaga, kamshika binti yake mkono. Dereva alimnyanyua yule mtoto, akamkalisha kwenye usukani wa Mkonga.

"Gari hili ndilo lililokuleta duniani," akamwambia.

"Ni wewe uliyemleta, *muzee*," mama akasema.

"Hapana. Mimi nilikuwa nimekaa tu."

Aligeuka haraka kwenda kutafuta kitambaa cha kufutia kioo ambacho hakikuwa na vumbi.

Nirudi nyuma kidogo. Safari yangu ya kwanza na Mkonga ilikuwa pia safari ya kwanza ya Dereva nao. Tulitumwa Kasulu kuchukua mitungi ya gesi ya jokofu la chanjo, kazi isiyo na haraka yoyote. Kiangazi, barabara kavu, vumbi jekundu. Tuliondoka saa mbili kamili asubuhi. Nilikuwa mgeni, nikatarajia atanionyesha nchi. Hakunionyesha kitu. Aliendesha mikono yote miwili imekaza usukani, akaruka makorongo, akapita vijiji akipiga honi mfululizo. Kwenye daraja la Malagarasi alitupa macho kwenye saa yake ya mkononi, midomo ikatikisika. Tulipoingia Kasulu hakwenda bohari ya mitungi. Alienda moja kwa moja hospitali, akaegesha mbele ya mlango wa wagonjwa wa dharura, akazima.

"Sista, saa yako inasema ngapi?"

"Saa nne na nusu."

"Una uhakika?"

Nikamwonyesha. Akaitazama saa yangu, akaitazama yake. Kisha akaweka paji la uso kwenye usukani akakaa hivyo, mpaka mlinzi akaja kugonga kioo kutuuliza mgonjwa yuko wapi.

"Hatuna mgonjwa," Dereva akamwambia. "Tumechelewa."

Nilidhani ni kizunguzungu. Nikamnunulia soda.

Maelezo ya siku ile niliyapata miaka kumi na nne baadaye, siku Landrova ilipoondoka. Katibu mpya alikuwa ameamua kwamba gari lisilotembea kila siku halina haja ya kulala bandani, na likapata mnunuzi wa vyuma chakavu huko Kasulu. Dereva aliandika barua kuomba libaki. Nilimsaidia herufi, maneno yalikuwa yake. Jibu lilikuja kwa mdomo, kwamba lori litakuja kulivuta Alhamisi.

"Halijawahi kuvutwa," Dereva akasema.

"Mzee, ni chuma tu," akasema katibu, wala hakusema kwa ubaya.

"Basi niruhusu nikipeleke chuma changu."

Akaruhusiwa. Mimi nilikuwa na ruhusa ya siku mbili na shughuli Kasulu, nikapanda mbele. Ilikuwa masika, matope. Landrova ilipanda vilima ikinguruma kama mzee anayeinuka kitini, na Dereva akaitia moyo kwa Kiha, *buhoro, buhoro*, polepole. Pikipiki zilitupita. Watoto walitupita na baiskeli za mizigo.

Tulipofika daraja la Malagarasi alisimama, akazima injini. Maji ya mto yalikuwa mengi, ya rangi ya chai ya maziwa.

"Mke wangu alifia hapa," alisema. "Nyuma yako hapo, kwenye godoro."

Nilijua kwamba alikuwa mjane mwenye binti mmoja. Zaidi ya hapo hakuna aliyewahi kunieleza, na kituoni hakuna aliyeuliza.

Alisema mkewe alijifungua alfajiri kwao, mtoto akatoka vizuri, lakini damu haikukata. Mtoto wakamwacha kwa bibi yake. Kituo wakati huo hakikuwa na chumba cha upasuaji wala damu ya kumwongezea mtu. Waliondoka saa mbili asubuhi na Landrova, mvua inanyesha. Gari halikukwama hata mara moja. Lilichemsha maji mara mbili na hakulihurumia. Liliingia hospitali ya Kasulu saa nane mchana.

"Lilifika," akasema. "Yeye ndiye hakufika."

Nikaelewa habari ya mitungi ya gesi.

"Ulikuwa unapima," nikasema.

"Nilitaka kujua tu. Saa nne na nusu, Sista. Saa nne na nusu angekuwa mezani kwa daktari."

Nilimuuliza swali ambalo pengine sikupaswa kuliuliza. Nilimwambia, ikiwa hivyo ndivyo, inakuwaje unaisifu Landrova kila siku iendayo kwa Mungu? Akapangusa dashibodi kwa kiganja.

"Mtu humtetea aliyekuwa naye siku mbaya," akasema. Akashuka akazungusha hendeli.

Kasulu, mnunuzi alizunguka gari akiligonga gonga kwa funguo zake. Dereva alitoa betri mwenyewe, akafunga milango yote, akavua kofia. Tulirudi Kibondo kesho yake kwa basi. Alipewa kiti cha dirishani, akakikataa, akasimama njia nzima karibu na dereva wa basi akitazama barabara.

Baada ya hapo hakuyalinganisha tena magari. Kijana mmoja wa maabara alipomchokoza, "Dereva, lipi zaidi?" alijibu, "Limebaki moja, utalinganisha nini?" Akaendelea na kazi mpaka alipostaafu, na Mkonga nao ukawa mzee, ukaanza kuvuja mafuta kama mwenzake, nao ukapata watu wa kuusema kwamba magari ya siku hizi hayajengwi hivi tena. Alihamia Kasulu kwa binti yake, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi. Huyo binti ndiye yule mtoto wa alfajiri ile.

Mwaka jana binti alinipigia simu. Baba yake alipata kiharusi, upande wa kushoto umelala, na ananitaja. Nikapanda basi. Barabara sasa ni lami. Nilikaa dirishani vilima vinapita, na nikajikuta naona aibu kwa wepesi wa safari ile.

Nilimkuta kitandani, karibu na dirisha. Alikuwa amebaki mifupa na macho. Maneno yalitoka polepole lakini yalikuwa kamili.

"Sista. Umekuja na nini?"

"Basi, Baba."

"Limetumia muda gani?"

Nikatazama dirishani. "Kama saa nne hivi. Kuna matengenezo njiani."

Akacheka upande mmoja wa uso. "Mkunga mzima hujui kudanganya."

Binti yake alikuwa jikoni uani. Harufu ya maharage iliingia mpaka chumbani. Tuliongea habari za kituo, nani kahama, nani kafariki. Kisha akageuza uso dirishani. Nilidhani amelala.

"Ile siku ya darajani sikukwambia yote," akasema.

Nikasogeza kigoda.

"Nilikuwa naye peke yangu. Muuguzi wa zamu alikuwa mmoja, wodi imejaa, akabaki. Mdogo wake mke wangu alikwenda kuchukua khanga, sikumsubiri. Nikamlaza nyuma, nikaondoka. Kabla hatujafika mtoni akaniita. Aliniita kwa jina langu, Sista. Tangu tuoane hakuwahi kuliita jina langu. Akasema, simama. Simama uje hapa nilipo. Nikamwambia vumilia, tunafika. Akaita tena. Mimi nikakanyaga mafuta." Akapumzika. "Mara ya tatu hakuita. Nilisimama darajani kwa sababu ya ule ukimya."

Mkono wake wa kulia, ulio mzima, ulikuwa unakunja na kukunjua shuka.

"Miaka yote nimesema gari lingekuwa na mbio, lingekuwa na mbio. Lingekuwa na mbio ningekuwa na haki ya kutosimama." Akanigeuzia macho. "Wewe ni mkunga. Niambie kweli. Ningesimama, angepona?"

Nimezalisha wanawake wengi. Naijua damu ile. Nilijua pia kwamba mtu huyu hataki kubembelezwa.

"Asingepona, Baba. Bila daktari na bila damu, asingepona."

"Najua," akasema. "Niliwauliza madaktari watatu, kwa mafumbo, kila mmoja kwa wakati wake. Wote walisema hivyohivyo." Akafumba macho. "Lakini asingekuwa peke yake."

Nilipoinua uso nikamwona binti yake mlangoni, sufuria mikononi, kaishika kwa kitambaa. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Aliweka sufuria sakafuni, akaja akakaa ukingoni mwa kitanda, upande ule ambao baba yake hakuusikia, akaona kosa lake, akahamia upande wa pili. Dereva alilia bila sauti kama mtu asiyejua kwamba analia, na binti akamfuta kwa kitambaa kilekile cha sufuria. Chakula kilipoa.

Jioni Dereva aliniaga kwa heshima zote, akaniagiza niwasalimie watoto wangu mmoja mmoja kwa majina.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza binti aliponipigia tena. Alieleza kwa utulivu, kama walimu wanavyoeleza. Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi, hakwenda shule. Baba yake aliamka akaomba uji, akanywa vijiko viwili, pumzi ikaanza kubadilika. Jirani mwenye gari alikuja mlangoni, kaliwasha tayari, anawahimiza wamtoe haraka, hospitali si mbali.

"Baba akatikisa kichwa," akaniambia. "Nikamwambia jirani azime gari."

Nikamsikia anavuta pumzi upande wa pili wa simu.

"Nilikuwepo, Mama. Nilikuwa nimemshika mkono mpaka mwisho."